Nilivyowaonea Wivu Samaki wa Dokta

Mwezi uliopita nilipeleka vitenge kwenye hoteli moja hapa Mbarara, nikaambiwa nimngoje mwenyewe pale mapokezi. Pembeni palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye samaki wa rangi ya chungwa, wale wenye mikanda myeupe. Umeme ukakatika, kama kawaida yake, mashine ya kupuliza hewa ikanyamaza, nami nikasikia: ka-ka, ka-ka-ka. Watu wote walikuwa wameinamia simu zao. Ni mimi peke yangu niliyegeuka, na roho ikaniuma vilevile ilivyoniuma nikiwa na miaka tisa. Usinicheke, ndugu yangu. Mimi ni mwanamke mzima, nina duka na watoto, na hao samaki bado sijawasamehe.

Siku hizo tulikuwa tunaishi Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, sisi watu wa Kivu ya Kusini, watatu katika nyumba moja ya udongo: bibi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Asubuhi ilianza na makelele ya bidoni zinazogongana kwenye foleni ya maji. Ukirudi na bidoni yako kichwani, shingo imekufa ganzi, unamkuta bibi ameshaanza kutwanga sombe, na harufu ya majani mabichi ya muhogo imejaa uwanja mzima. Alikuwa anatwanga huku anaimba. Ukimwuliza kitu katikati ya wimbo, atakujibu kwa kuimba, hata kama umeuliza ufagio uko wapi. Mvua ikipiga tulilala mgongoni kwake wote wawili, mdogo wangu upande wa ukuta kwa sababu yeye alijua kulia zaidi. Mgongo wa bibi ulinuka moshi na mawese. Sijapata kulala usingizi kama ule tena.

Mama alikuwa Mbarara. Alifanya kazi za nyumbani kwa daktari mmoja wa meno, upande wa Nyamityobora, na alikuja kwetu mwisho wa mwezi na mfuko wa sukari, sabuni, na mikate iliyobanwa ikawa bapa njiani. Ungedhani atatuambia habari za mji. Wapi. Mama alikuwa na habari moja tu: samaki wa Dokta.

Alikuwa anaketi kwenye kigoda, anatukusanya mbele yake, anabana midomo na kugonga meno. "Batoto, musikie vile anafanyaka," anasema. Ka-ka-ka. "Hiyo ni ile mukubwa. Sasa ile mudogo naye iko najibu." Hapo anatikisa kichwa na kutoa kisauti chembamba, kama mlango usiotaka kufunguka. Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka anaanguka. Mimi nilikuwa nakunja mikono. Nilikuwa na habari zangu za mwezi mzima: nimekuwa wa pili darasani, jino limeng'oka, mbuzi wa jirani amekula sketi yangu ya shule. Zote zilibaki mdomoni.

Kisha kulikuwa na mambo ya chumvi. Sisi chumvi tulikuwa tunaitia kwa ncha za vidole, na siku nyingine maharagwe yalilika hivihivi. Samaki wa Dokta walikuwa wanaogelea ndani ya chumvi, inayoletwa kwa ndoo kutoka Kampala, na mama yangu ndiye aliyekuwa anawakorogea. Bibi aliposikia hivyo aliacha kutwanga. "Kwetu samaki iliwekwaka chumvi ikisha kufa," alisema. "Hawa wenye kuwekewa wangali wazima, ni samaki ao ni wafalme?" Nilimpenda bibi sana siku hiyo.

Lakini mdogo wangu ndiye aliyeharibu. Yeye alimwita bibi mama, kwa kuwa alikuwa bado anatambaa wakati mama anakwenda kutafuta kazi. Sasa mwezi mmoja akamwona mama anakuja kwa mbali na mfuko wake, akakimbia kumweleza bibi: "Mama, mama ya samaki amefika." Majirani walicheka. Mama naye alicheka, akambeba, akampa mkate. Baadaye nilimwona nyuma ya nyumba anajifuta uso kwa kitenge, nikafikiri ni jasho la safari.

Likizo iliyofuata nikachukuliwa kwenda Mbarara kukaa naye wiki moja. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kumwona mke mwenza. Nyumba ya Dokta ilikuwa na zulia, na kwenye sebule, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, palikuwa na lile sanduku la kioo. Nilisimama mbele yake na gauni langu la kanisani. Walikuwa wawili, mkubwa na mdogo, wanaishi ndani ya kitu laini chenye vidole vingi, kama ua linalopumua. Walikuwa wazuri. Hilo nalo liliniudhi, maana nilikuwa nimejiandaa kukuta sura mbaya.

Mama alizima mashine ya hewa, akakunja mkono wa blauzi, akatia mkono majini na sponji ili asugue kioo. Yule mkubwa akatoka mbio. Ka-ka-ka, halafu akamrukia mama akamuuma kidole. Mama akacheka, cheko la kutoka tumboni ambalo Nakivale sikuwahi kulisikia. "Ona, iko nanifukuza," aliniambia. "Kila siku iko nanifukuza, kisha tunapatana." Nilimwonea yule samaki wivu mpaka masikio yakapata moto. Kumbe mtu anaweza kumuuma mama yangu na akapendwa.

Dokta alikuwa amekuja kula cha mchana. Alikuwa Mnyankole, mrefu, na Kiswahili chake alikiokota utotoni kwa watoto wa askari. Akaniona nimenuna, akaniita nibandike sikio kwenye kioo. "Hii samaki nagonga meno," akasema. "Nafunga mdomo haraka, meno napiga meno. Halafu mwili yake yote nakuwa ngoma, sauti natoka kubwa." Nikamwuliza kwa nini. Alifikiri kidogo, akacheka. "Wivu. Hii samaki iko na wivu mingi. Ile ua ni nyumba yake. Mtu nakaribia, yeye nasema: toka, hapa ni kwangu." Na huyu mdogo anayetetemeka? nikauliza. "Ile nasema: sawa, sawa, wewe mukubwa. Asiposema hivyo, nauawa." Ndani ya nyumba moja, alisema, hawakai wakubwa wawili.

Nilibaki pale sikio limeganda kwenye kioo. Kumchukia nilimchukia bado, lakini nilikuwa nimemwelewa kabisa.

Jioni hiyo, tukiwa tunamenya matoke jikoni, mama akanipa habari aliyokuwa anaikalia tangu nifike. Dokta alikuwa anahamia Kampala na samaki wake, na alitaka mama aende naye, kwa sababu samaki walikuwa wamemzoea. Angemlipa vizuri zaidi. Kuja Nakivale ingekuwa Noeli, na pengine Pasaka. Alisema hayo yote bila kuniangalia, kisu kinakwenda upesi.

Nikamwambia, "Ukienda, na mimi nitamwita bibi mama."

Kisu kikasimama. Mama akaniangalia, utomvu wa ndizi umemshika vidole vikawa vyeusi. "Hata wewe?" alisema. Nikasema hata mimi. Hakunipiga wala hakunikemea. Akachukua ndizi nyingine, akaimenya, akaimenya mpaka ikabaki nyembamba isiyofaa kupika. Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mama alikuwa na wivu wake pia, na kwamba haukuwa wa samaki. Zile sauti zote alizotuletea mwisho wa mwezi, alizileta kwa sababu nyimbo zilikuwa na mwenyewe, naye ni bibi.

Basi mama akarudi. Samaki wakapakiwa wakaenda Kampala, mama akarudi Nakivale na sanduku lake la bati, na mimi nilitembea kijijini kifua mbele wiki nzima. Nilikuwa nimeshinda. Mara nyingine, akiwa anapepeta maharagwe, nilimsikia anagonga meno polepole, nami nilikuwa nakwenda kukaa karibu yake mpaka anyamaze.

Mama alikuwa mwema kwa bibi, hilo nikuambie, usije ukamdhania vibaya. Alimwambia, "Mama, pumzika, nitatwanga." Alimwambia, "Mama, pumzika, nitapika." Mdogo wangu akiamka analia usiku alimwahi: "Pumzika, mama, niko naye." Bibi alikuwa anasema, "Sawa, mwanangu, sawa." Akaachia kinu, akaachia chungu, akaachia mtoto. Akabaki na mkeka wake chini ya ukingo wa paa, amekunja miguu, na nyimbo zikapungua, kwani alikuwa ameziimbia kazi siku zote na sasa kazi haikuwepo. Sauti yake yenyewe ilikuwa imekuwa nyembamba.

Mjomba wangu aliyeishi karibu na Base Camp, upande mwingine wa Nakivale, akapata mtoto. Bibi akasema atakwenda kumsaidia mke wa mjomba kwa majuma machache. Alifunga mkeka, akabeba kisufuria chake kidogo, akatushika vichwa. Mdogo wangu alimlilia mpaka sauti ikakauka. Mimi sikulia. Nilikuwa na mama, nilimshika kitenge tukiwa tunamsindikiza bibi, na niliona ni haki yangu. Majuma machache yakawa miaka yote iliyobaki.

Leo ile nyumba haipo, mvua iliilamba. Mtu mwingine amelima mahindi pale palipokuwa na kinu. Mama ninaishi naye hapa mjini, ni wangu peke yangu, mdogo wangu yuko mbali na simu hapigi. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nampikia, namfulia, namnunulia dawa, na sijachoka naye hata siku moja.

Lakini bibi alipofariki tulikwenda Nakivale kumzika, mama na mimi. Kwenye uwanja wa mjomba walikuwa wamejaa watoto wake, wakubwa kwa wadogo, wanamlilia bibi, "Mama, mama." Walikuwa wanaimba nyimbo zake. Kulikuwa na nyimbo nilizozijua, na kulikuwa na nyingine ambazo sikupata kuzisikia hata mara moja, alizozitunga huko kwao, na wao walizijua hadi mwisho bila kusita. Nilijaribu kuzifuata kwa midomo nikashindwa.

Binti mmoja mwembamba akatujia na jagi la maji na beseni. Alikuwa amejifunga kilemba cha bibi. Akapiga goti mbele yetu vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na nilijua ni nani aliyemfundisha.

"Karibuni, wageni," alisema. "Mumetoka mbali. Munawe, tuko naleta chakula."

Nikamwangalia mama. Mama akatoa mikono yake, akanawa. Na mimi nikatoa yangu.