Mstari wa Kumi na Saba

Kati ya nyumba yetu na shule, huku Igamba, kulikuwa na kijito chembamba cha kuruka kwa hatua moja. Asubuhi ya kwanza nilipompeleka binti yangu shuleni, tuliruka, nikasimama ng'ambo na kumwambia, "Kuanzia hapa mimi si baba yako. Mimi ni Mwalimu. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Nani?"

"Mwalimu."

Alikuwa na miaka minane. Alitii kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikasahau kwamba ile ilikuwa amri yangu.

Nilikuwa na sababu zangu. Wakati ule wa Mwingereza, kutoka darasa la nne kuingia shule ya kati kulikuwa kugumu mno. Katika shule kama yetu walichukuliwa watoto wawili, mwaka mwingine mmoja. Wazazi walilitazama jambo hilo kwa macho makali kuliko walivyotazama kahawa yao inapoanikwa. Mwalimu mmoja wa kijiji cha Mpemba alisemwa kwamba amempitisha mpwa wake, akaondolewa kabla hajaulizwa vizuri. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, nikaongeza miaka miwili ya kujifunza ualimu. Nikiondolewa, lililobaki lilikuwa jembe. Tena mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu, alipenda kunitania tukitoka ibadani.

"Mwalimu, tutaona mwaka wa mtihani. Atapita mtoto wa mwenye kahawa au mtoto wa mwenye chaki?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikashika njia ya nyumbani upesi.

Basi binti yangu sikumwuliza swali darasani hata siku moja. Mwanzoni alinyosha kidole kama wenzake. Nilimpita kwa macho kama mtu apitaye nafasi tupu. Baada ya miezi michache akaacha kunyosha, nami nikaona mambo yametulia.

Kila likizo ya kiangazi walimu wa shule za vijijini tuliitwa shule kubwa, Ihanda, kwa majuma mawili ya mafunzo. Sitasema kwamba nilikwenda kwa kupenda elimu. Nilikwenda kwa sababu asiyekwenda aliandikiwa barua. Tulilala chini darasani, tukapika wenyewe, na mchana tukafundishana kwa zamu mbele ya mkufunzi, Mnyakyusa mmoja mwembamba aliyesema polepole. Mwaka ule binti yangu alipokuwa darasa la tatu, mkufunzi alitugawia kila mtu daftari moja.

"Andikeni majina ya watoto, kila mmoja mstari wake," alisema. "Ukimwuliza mtoto swali akapata, weka nukta. Akikosa, weka kiduara. Juma la kwanza usibadilishe chochote. Fundisha kama unavyofundisha siku zote. Ijumaa watoto wakiondoka, keti peke yako utazame."

Alikuwapo mwalimu mmoja wa Tunduma, mcheshi, mwenye ndugu nusu huku na nusu ng'ambo ya mpaka, Rhodesia. Alisimama, akaanza kwa neno la heshima la ng'ambo kule.

"Ee mukwai, naomba kuuliza. Mkono huu una chaki, mkono huu una daftari. Fimbo nitaishika kwa meno?"

"Iweke chini," mkufunzi alijibu. "Meno utayahitaji kwa nyama, siku utakapoipata."

Tulicheka sana. Hata hivyo nilirudi nyumbani na lile daftari, nikafanya kama nilivyoagizwa.

Ijumaa ya kwanza niliketi katika chumba kitupu, nikaona. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, wa darasa la tatu na la nne pamoja. Karibu nukta zote zilikuwa za watoto tisa wa mbele. Mtoto wa mzee wa kanisa alikuwa na kumi na moja peke yake. Wasichana wengi walikuwa na moja moja. Watoto sita hawakuwa na kitu, na mmoja wao alikuwa wa mstari wa kumi na saba, binti yangu.

Wale watano wengine walinichoma moyo. Nilikuwa nikijiona mwalimu mzuri kwa kuwa chumba changu kilijibu kwa sauti kubwa, kumbe waliojibu walikuwa tisa. Lakini mstari wa kumi na saba haukunichoma. Ndilo jambo gumu kuliko yote ninayoyaandika hapa. Niliutazama ule mstari mtupu nikajisifu. Niliona huo ndio ushahidi wangu, siku yoyote mtu akinishtaki.

Nilianza kubadilika. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, nilikaa mezani kwangu nyumbani nikaandika maswali ya kesho, na pembeni jina la atakayeulizwa. Nilihamisha wa nyuma mbele. Nilijifunza kusubiri, maana zamani mtoto akinyamaza kidogo nilimrukia mwingine. Palikuwa na msichana mmoja mdogo, jirani yetu, aliyekuja shuleni kwa njia moja na sisi. Mwaka mzima nilikuwa nimemhesabu kuwa mzito. Nilipoanza kumwuliza, juma la kwanza alipata viduara, la pili vikachanganyika, la tatu zikawa nukta tupu. Hata hesabu za sehemu, nusu na theluthi, ambazo mimi mwenyewe nilizifundisha kwa kukaririsha, alizijibu. Na wengine wa njia ile vilevile. Nilifurahi kuliko siku nilipopata cheti.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Ihanda nikiwa na haraka ya kufika. Mkufunzi alipitia madaftari yote, akalichukua langu, akaniita niwasomee wenzangu. Nilisoma kwa sauti. Nilikuwa nimefika katikati aliponyosha mkono.

"Huyu wa kumi na saba. Mwaka mzima hana nukta wala kiduara. Ni bubu?"

"Hapana. Ni binti yangu."

"Ah, huyo anaulizwa nyumbani!" alisema yule wa Tunduma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mkufunzi hakucheka. "Nyumbani unamwuliza nini?"

Nyumbani nilimwuliza kama maji yameletwa. Nilimwuliza kama kuku wamefungiwa. Badala ya kusema hayo nikaeleza habari ya mtihani, habari ya yule wa Mpemba, na haki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo si haki, ndugu yangu," alisema. "Huo ni woga. Jumatatu ya kwanza, mwulize."

Niliporudi nililiandika swali la binti yangu katika daftari la maandalio: nusu ukijumlisha na theluthi ni ngapi? Nililiandika tangu Jumamosi. Jumatatu ilipofika, mzee wa kanisa alikuja kukagua nyasi za paa la shule lililovuja. Alisimama mlangoni akiegemea fimbo yake, akisikiliza. Nilifika kwenye swali lile. Nilimtazama binti yangu. Naye alinitazama, nadhani alikuwa ameliona jina lake kwenye daftari, maana yeye ndiye aliyefuta meza yangu kila siku. Hakunyosha kidole, lakini alikaa wima.

Nilimwuliza mtoto wa mzee.

Nilijiambia, kesho.

Jumanne aliamka akisema kichwa kinamwuma. Mama yake alitaka abaki. Nilisema mtoto wa mwalimu hakosi shule, watu watasemaje. Alikuja. Kabla ya mapumziko aliweka kichwa juu ya dawati. Niligonga dawati lake kwa fimbo.

"Inua kichwa."

Alikiinua. Shingo haikukunjika vizuri, nami sikujua maana yake. Baadaye kidogo alitapika, nikambeba mgongoni, nikaruka naye kijito. Jioni ile homa ilipanda. Alfajiri ya Jumatano tulimlaza kwenye machela, tukamchukua mimi na jirani watatu kwenda zahanati. Njiani tulipumzika. Niliinama juu yake.

"Utakunywa maji, mama?"

"Ndiyo, Mwalimu," alisema.

Njia ya zahanati haikuvuka kijito; tulikuwa bado upande wa nyumbani. Nilitaka kumwambia, huku mimi ni baba yako. Lakini wale jirani walikuwa wamesimama pale, nikampa maji.

Alhamisi alifariki. Walisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba hata tungemfikisha siku moja mapema, hawajui kama angepona.

Sitaandika habari ya mazishi. Mke wangu hakunilaumu. Zamani aliniita Mwalimu, kama wake wengi wa walimu wanavyofanya. Baada ya siku zile aliacha, na hakuanza jina jingine. Alisema tu, "Chakula kipo."

Niliporudi shuleni, kwenye kitabu cha mahudhurio niliandika kwa wino mwekundu neno linalotakiwa. Kisha nikafungua daftari la nukta. Nitasema ukweli: nilishika kalamu juu ya mstari wa kumi na saba, nikataka kuweka nukta moja. Hakuna ambaye angejua. Nikauacha mstari kama ulivyo.

Niliendelea kufundisha, kwa kuwa sikujua kufanya kitu kingine. Ijumaa nilitazama daftari. Viduara vilikuwa vimeongezeka. Nilidhani ni huzuni ya watoto. Ijumaa ya pili vilikuwa zaidi, ya tatu zaidi tena, hasa kwenye hesabu, na hasa kwa watoto wa njia yetu. Yule msichana jirani hakuwa na nukta hata moja. Zamani ningemchapa. Nilimwita nje, tukakaa karibu na kitalu cha miche ya kahawa.

"Mwanangu, mbona hesabu zimekukimbia?"

Alitazama miguu yake.

"Sitakupiga."

"Tulikuwa tunafundishwa, Mwalimu."

"Na nani?"

Alimtaja. Kisha alieleza, kidogo kidogo, kama mtu anayesaliti siri. Asubuhi mimi nilitangulia, na watoto walikuja nyuma yangu pamoja. Binti yangu alikuwa amekwisha kuyaona maswali mezani kwangu. Walisimama kabla ya kijito. Hakuwapa majibu matupu; aliwafundisha mpaka waelewe, hata wakichelewa wakaja mbio. Kuna asubuhi niliwachapa kwa kuchelewa. Akawaambia wasimtaje.

"Kwa nini msimtaje?"

"Alisema, Mwalimu akijua ni mimi, ataacha kuwauliza."

Halafu nikamwuliza hizo nusu na theluthi aliwafundishaje. Mtoto alitazama huku na huku, akaenda ukingoni mwa shamba akavunja bua kavu la mahindi. Alilipima kwa vidole, akalikata vipande sita sawasawa, akavipanga chini.

"Hili lote ni moja. Nusu yake?" aliniuliza.

"Vitatu."

Alivitenga vitatu. "Theluthi yake?"

"Viwili."

Alivisogeza viwili vikaungana na vile vitatu. "Sasa hesabu, Mwalimu."

Nilihesabu. Vilikuwa vitano katika sita. Nilikuwa nimefundisha hesabu ile miaka tisa. Nilijua kuandika sita chini ya mstari, lakini kwa nini iwe sita sikuwahi kujiuliza, wala sikuwahi kuulizwa.

"Na mkikosea, alifanyaje?"

"Alivichanganya, akasema tuanze tena. Alikuwa anasubiri."

Mwaka ule wa mafunzo ninaojivunia, nukta zile nilizowasomea wenzangu Ihanda, sijui zangu zilikuwa ngapi na zake ngapi. Nimejaribu kuzitenganisha, nikashindwa.

Tangu siku ile nilifundisha kwa mabua. Mwisho wa mwaka walipita watoto wawili kwenda shule ya kati: mtoto wa mzee wa kanisa, na yule msichana jirani. Mzee alinishika mkono nje ya kanisa. "Mwalimu, wewe ni mtu wa haki," alisema. Safari hii hakuwa na utani. Nilimshukuru.

Kiangazi nilikwenda tena Ihanda. Zamu yangu ilipofika nilipeleka mabua ya mahindi mbele ya walimu wenzangu, nikayakata, nikapanga vipande sita juu ya meza, nikauliza maswali na kusubiri. Yule wa Tunduma, ambaye alikuwa amesikia msiba wangu na tangu siku ya kwanza alikuwa akinipakulia chakula bila kusema neno, aliacha mzaha wake akaja kuvishika vile vipande kwa mkono wake.

"Njia nzuri hii," mkufunzi alisema. "Tumesoma mengi hapa, lakini hii sijaiona. Umeipata kwa nani?"

Walimu thelathini walinitazama, na wengi wao walikuwapo mwaka uliopita, walipocheka.

"Kwa mwanafunzi mmoja," nilisema, "darasani kwangu."

Mkufunzi alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Mwalimu wa Tunduma aliweka kipande chake cha bua mezani, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaangalia chini. Nilikusanya vipande vyangu vyote sita, nikarudi kukaa mahali pangu.