Daktari Sisimizi na Kaka Yake

Kule kituo cha utafiti walimwita Daktari Sisimizi, naye hakuona utani wowote. Kazi yake ni sisimizi, sasa wamwite nani? Miaka ishirini na miwili aliinamia hadubini akihesabu pingili za vipapasio, na hakuchoka hata siku moja.

Waliomshinda ni watu. Hakutamka neno mpaka alipotimiza miaka mitano, na tangu hapo mama yake ndiye aliyemtafsiria dunia. "Mwanangu, yule aliposema karibu tule, hakutaka uketi. Ni adabu tu." Kaka yake mkubwa alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Walipendana kwa namna yao: dada akieleza sisimizi, kaka akisinzia.

Mama akafa. Siku ya mazishi vilio vilimchoma masikioni, pumzi ikakatika. Akachuchumaa kando ya kaburi, akakaza macho kwenye sisimizi waliokuwa wakihamisha mayai kutoka kwenye udongo uliochimbuliwa, akawahesabu ili asizimie. Chozi halikumtoka. Kaka alimnyanyua kwa mkono mbele za watu.

"Hata leo wadudu? Hata leo? Wewe huna moyo! Kwangu usikanyage tena."

Neno akalichukua kama lilivyosemwa. Miaka tisa hakukanyaga.

Alikuwa na miaka arobaini na sita daktari alipomwambia ana usonji, hali ya ubongo kupokea sauti, miguso na maneno ya watu kwa namna tofauti, na kwamba amezaliwa nao. Alirudi nyumbani, akajifungia, akaandika. Kitabu kilichotoka hakikuwa cha sisimizi. Kilikuwa cha mama, na sura ndefu kuliko zote ilieleza ile siku ya kaburini. Nakala ya kwanza alimtumia kaka kwa posta, bila barua.

Mwezi haukuisha, kaka akatokea maabara, ndevu zimejaa mvi, kitabu kwapani.

"Nilikuwa sijui, mdogo wangu," alisema. "Miaka yote hii. Nisamehe." Akaangua kilio, akamkumbatia.

Moyo wa dada ulitaka kubaki pale pale. Mwili ukakataa. Ngozi iliwaka kama imemwagiwa maji ya moto, akamsukuma kwa nguvu hata kaka akajigonga mezani na visanduku vya pini vikamwagika. Alitaka kueleza, ulimi ukafungika.

Kaka alijiinua kutoka mezani. "Sawa," alisema taratibu. "Una haki." Akatoka.

Maneno yalimrudia dada alasiri, akamwandikia kaka kwenye simu: "Nilikusamehe siku ile ile ya mazishi. Ni mikono tu iliyokataa." Jibu halikuja. Baada ya wiki mbili, akiwa maabara, akampigia wifi yake.

"Aliusoma ujumbe, wifi," wifi alisema. "Anadhani unamwonea huruma tu."

"Mimi sijui kudanganya."

"Najua. Ngoja nimwite, umwambie mwenyewe."

Akasikia simu ikiwekwa mezani, kandambili zikiburutwa sakafuni, sauti za chini chini, kisha mlango ukifungwa. Wifi akarudi.

"Amelala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alisema asante, akakata simu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakurudi kwenye hadubini.