Ugonjwa Uliochaguliwa Sebuleni

Dobi hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Kazi yake haikumruhusu. Kwenye kibanda chake cha kufulia zilifika shuka za nyumba ya wageni zikiwa na kila kitu kinachoweza kutoka kwenye mwili wa binadamu. Zilifika aproni za muuza nyama, nepi za wiki nzima, na soksi za walinzi ambazo ukiziweka chini zinasimama zenyewe. Yeye aliloweka, akasugua, akasuuza, kisha akanawa mikono na kula chakula chake bila wasiwasi. Lakini jioni ile, akiwa kwenye kochi safi la kaka yake, marashi ya kupulizia yakimkaba koo, alishikwa na kichefuchefu cha kweli. Akaweka kikombe mezani, hajamaliza hata nusu. Kaka yake na mkewe walikuwa wanamchagulia dada yao ugonjwa.

Dada huyo ndiye mkubwa wao. Mama yao alipofariki, yeye aliacha shule akafulia watu nguo majumbani ili awalee wadogo zake wawili. Wa kati alisoma akawa mhasibu wa kampuni, na sasa ukoo mzima unamwita Mhasibu hata anapoomba chumvi. Kitinda mimba alikuwa Dobi, aliyeijua sabuni kabla ya kuijua kalamu.

Wadogo hao walipokwisha kujitegemea, sauti zikamwanza Dada. Zilitoka darini. Yeye aliziita "wale", basi. Wale walimtukana, wakamwambia maji ya bomba yana sumu, na siku moja wakamtoa nje bila nguo, na mtaa mzima ukasimama kutazama badala ya kumfunika. Watu wazima walisema ana wazimu, watoto wakasema mwehu. Daktari alisema skizofrenia. Dobi alilikariri neno hilo refu kwa sababu lilikuja pamoja na sindano, na sindano iliwanyamazisha wale. Kila mwezi alimpeleka Dada kliniki, akachomwa, wakarudi pamoja kibandani, yeye kwenye pasi, Dada kwenye kukunja. Hakuna aliyekunja shati kama Dada. Ukimuuliza hali, hakufichi: "Leo wale wamelala." Wateja walishazoea, na wengine waliuliza kabisa, "Wale hawajambo?" Dada akacheka mpaka akashika mbavu.

Sasa binti wa Mhasibu alikuwa anaolewa. Wakwe walikuwa wamesikia habari za shangazi aliyemlea baba wa bibi harusi, wakasema lazima wamwone. Kumficha haikuwezekana. Tena mama wa bwana harusi alikuwa matroni, mkuu wa wauguzi, na alikuwa amehamishiwa karibuni tu hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye kliniki ileile ya Dada. Ndiyo maana kikao kikaitwa.

"Tukisema ana stresi?" aliuliza Mhasibu, akipekua simu yake.

"Stresi hata mlinzi wetu anayo," alisema mke wake. Mama huyu alifanya kazi ofisi ya bima na alizoea kuwatafutia watu maneno. "Haielezi kwa nini wifi anaongea na dari."

"Trauma?"

"Trauma ya nini? Watadhani sisi ndio tuliomtia."

"Baipola, basi."

"Baipola siyo mbaya, wasanii wanayo. Ila watu siku hizi wanaijua. Wataanza kuuliza maswali."

Dobi alishindwa kuvumilia. "Kaka, Dada ana skizofrenia. Imeandikwa kwenye kadi yake."

"Wewe! Usilitamke hilo neno humu ndani!" Mhasibu aligeuka kutazama dirisha kama liko wazi. "Hiyo ni ya masaiko wa kwenye filamu. Mtu akiisikia anafikiria panga."

"Depresheni," mke wake alisema taratibu, kama mtu anayeonja chai. "Depresheni ina heshima. Bosi wetu aliipata, tukampelekea maua. Tuseme depresheni ya wastani."

Ya wastani! Kama saizi ya shati. Mhasibu akatikisa kichwa kukubali, uso umemng'aa, na Dobi akamtazama mtu huyu aliyebebwa mgongoni na Dada akiwa na surua, akamwona amekaa pale anamtafutia uchizi unaolingana na mapazia.

"Na kliniki asionekane mpaka harusi ipite," mke wa Mhasibu aliongeza. "Matroni akimkuta kwenye foleni, tumekwisha."

"Sindano yake ni wiki ijayo," Dobi alisema.

"Shemeji, depresheni haichomwi sindano."

Alilisema bila kutabasamu. Dobi alimkodolea macho akitafuta hata chembe ya utani, asiione. Uongo ulikuwa bado wa moto na mwenyewe alikwisha kuuamini, tena alikuwa anautumia kugawa dawa. Dobi aliaga akaondoka. Njiani alijiambia wasimtishe, siku ikifika atampeleka Dada kimyakimya na hakuna atakayejua.

Lakini mke wa Mhasibu hakuwa mtu wa kuacha nafasi. Kesho yake alifika kibandani na gauni jipya la Dada, akaketi kwenye kiti cha wateja baada ya kukipangusa kwa kitambaa, akamweleza yote. Dada alimsikiliza huku akikunja.

"Mimi naumwa wale, wifi," alisema. "Hiyo nyingine ni ya nani?"

"Ni yako. Ni ileile tu, ila hii haitamwaibisha mtoto."

Mtoto ni bibi harusi. Dada ndiye aliyemwogesha kabla kitovu hakijakatika, na akimtaja sauti yake hulainika. Mikono yake ikasimama juu ya shati.

"Kwani mimi namwaibisha?"

Mke wa Mhasibu alilitazama gauni, akalipapasa mkunjo ambao haukuwepo. Dada alikuwa amepigwa mawe kwa ajili ya ugonjwa huu, amechekwa, amefungwa kamba na majirani, lakini kuuonea haya hakuwahi. Haya aliletewa siku hiyo, kibandani kwake, pamoja na gauni. Afadhali mwanamke yule angemwaga ndoo ya matapishi juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Dobi angefua upya.

Siku ya kliniki Dada aligoma. Dobi alibembeleza, akagomba, akafikia hatua ya kumshika mkono amvute, akajiona mwenyewe akaachia.

"Nikienda nitamharibia mtoto," Dada alisema. "Wale nawajua. Nitawavumilia."

Hawakuchukua muda kuamka. Kwanza Dada aliacha kucheka na wateja. Halafu akaanza kutenga mashati, mengine huku, mengine kule, kwa sababu baadhi yalikuwa yanamsema. Chakula akakigusa kwa ncha ya kijiko na kukirudisha. Dobi alimpigia simu kaka yake.

"Kaka, Dada anaumwa."

"Depresheni ina siku zake mbaya," alijibu Mhasibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma kurasa mbili. "Mwambie awaze mambo mazuri. Harusi ni Jumamosi, siyo mbali."

Dobi alikata simu akatema mate mtaroni. Alimchukia kaka yake siku hiyo, na hakujilaumu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Dada aliketishwa meza ya mbele, gauni limemkaa vizuri, nywele zimesukwa, mikono ameikalia. Wageni waliona mama mtulivu. Dobi aliona shingo iliyokaza, na macho yanayojizuia yasipande darini. Mke wa Mhasibu alimzungukia kama mtu aliyeshinda tuzo, akiwatambulisha wageni mmoja mmoja.

"Huyu ndiye wifi yangu. Alipata depresheni ya wastani, lakini anapambana."

"Oh, pole sana, mama," alisema mgeni mmoja, kichwa amekilaza upande. "Hata mimi niliwahi. Nikaenda likizo, ikaisha."

Dada alimtabasamia. Hapo ndipo Dobi alipoyaona meno yake, mekundu. Alikuwa amejing'ata mdomo kwa ndani ili asiwajibu wale mbele za watu, na damu alikuwa anaimeza.

"Umeona, shemeji?" mke wa Mhasibu alimnong'oneza Dobi. "Wala sindano hakuchomwa."

Dobi aliinuka akaenda moja kwa moja kwa Matroni, aliyekuwa anakula meza ya pili.

"Samahani, mama. Mimi ni ndugu wa baba wa bibi harusi, ni dobi. Dada yetu pale ana skizofrenia. Sindano yake imepita, wamemzuia asije kliniki ili wewe usimwone. Amejing'ata, na anameza damu."

Hakumung'unya neno. Matroni aliweka uma chini, akafuta mikono, akaenda akachuchumaa mbele ya Dada, nguo yake ya thamani ikifagia sakafu.

"Wanasemaje?" alimuuliza kwa upole.

Dada alimtazama, akamtazama bibi harusi kule mbele, akajikaza.

"Mimi nina depresheni tu, mama," alisema, na tone jekundu likamtiririka kidevuni. "Ya wastani."

"Sawa, mama. Twende tukaitibu." Matroni alivuta kitambaa cha meza akamfuta kidevu.

Mhasibu alifika akihema, huku akiwachekea watu wa meza za jirani. "Ni uchovu tu, mkwe wangu. Stresi za maandalizi. Wala usisumbuke."

"Huyu ndiye aliyekulea?" Matroni alimuuliza.

"Ndiye."

"Basi mshike mkono huo, mimi nashika huu. Tunampeleka kwenye gari."

Dada alikuwa amekwisha kuunyoosha mkono wake, una alama za kiti kwa jinsi alivyoukalia. Mhasibu, kabla ya kuupokea, aligeuka nyuma kuangalia ni wageni gani wanaotazama.