Uso wa Baba Kwenye Simu

Jumamosi iliyopita niliupoteza uso wa marehemu baba. Aliacha kitabu chake kuhusu ukoo wetu na kilimo cha korosho, kimepangwa kwenye kompyuta tayari kwa kuchapishwa. Mimi niliyeishia darasa la saba nikakigeuza kisomeke kwenye simu, ndugu wote wamwone kabla ya arobaini. Sikujua kwamba picha usipozifunga kwenye maneno yake, huhamia juu ya maneno mengine. Nikakituma bila kukagua.

Kesho yake baba mdogo akanipigia kutoka Mandawa.

"Mwanangu, mimi nimekufa lini?"

Chini ya picha yake paliandikwa "Marehemu", neno nililokuwa nimemwongezea baba. Majirani walimkuta anapalilia ufuta, nao wamebeba unga na kuni vya msiba.

Nikapanda bodaboda kutoka Nachingwea kwenda kuomba radhi. Nikakuta watani wa ukoo wetu, wale wa mizaha ya misibani, wamemlaza baba mdogo mkekani, wamemfunika shuka, wanadai jogoo ndipo wamzike. Akafunua uso.

"Muuaji wangu huyo! Sasa kaka yangu umemweka wapi?"

Nikatafuta kwenye simu, watani wakichungulia begani. Baba alikuwa anatabasamu kurasa chache mbele, na chini yake maneno: "Mdudu anayeua mikorosho."