Alama ya Baba Sikioni mwa Mbuzi

Hata leo nikikutana na mbuzi njiani siangalii kama amenona. Naangalia masikio. Wanawake ninaouza nao mboga sokoni Kakuma hunitania kwamba ningeolewa na mchinjaji, nami hucheka nao, kwa kuwa sijapata kumweleza yeyote kazi niliyolelewa nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata masikio. Kwetu Turkana kila ukoo una alama yake, tunaiita emachar, na mbuzi huchanjwa alama hiyo sikioni angali mdogo. Ukimwokota mbuzi aliyepotea, sikio lake litakuambia umrudishe kwa nani. Mjomba wangu hakuwa na haja ya kumrudisha yeyote. Yeye na wenzake wawili waliiba mbuzi malishoni huko njia ya Lodwar, wakawaleta kwenye zizi la miiba tulilolificha korongoni, nami nikaendelea hapo. Sikio likishakatwa halirudi, huongezwa kukatwa tu. Basi alama ya mwenyewe unaimeza ndani ya pengo kubwa zaidi, unapaka majivu, unangoja kidonda kikauke. Kisha nawaswaga mpaka soko la mifugo la Kakuma, fimbo mkononi na shanga shingoni. Nani atamshuku msichana anayeswaga mbuzi? Mjomba alinisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa.

Nilikuwa kwake kwa haki, msidhani kwamba na mimi aliniiba. Baba alikufa kabla ya kumaliza mahari ya mama, na kwetu mtoto ambaye mama yake hajalipiwa mahari ni wa ukoo wa mama. Mama naye alipofariki, mjomba alinichukua pamoja na vyombo vya dada yake.

Krismasi moja aliniruhusu niende kuwasalimia watu wa baba kule Nawoitorong, Lodwar. Baba mdogo alikuwa mlinzi wa stoo mjini, na nyumbani alifuga mbuzi wachache. Nilikaa wiki nzima. Kilichoniharibu akili hakikuwa sikukuu, zilikuwa zile asubuhi. Mama mdogo alikamua mbuzi, akachemsha chai ya maziwa, akanigombeza kwa sababu nilikunywa nikaacha kikombe chini kikikaliwa na nzi. Alinigombeza kwa sauti ileile aliyowagombezea binti zake wawili, kisha akasahau. Kwa mjomba ukikosea ulichapwa, au watu walikunyamazia mpaka ukaogopa kulala. Hakuna aliyewahi kujali nimeacha kikombe wapi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na kesho yake nikakiacha tena kikombe palepale ili nigombezwe.

Sare za wale mabinti zilikuwa zimeanikwa juu ya ua. Nilikuwa nikizishika upindo nikidhani hakuna anayeniona. Yule mdogo aliniona, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikamwambia la sita. Ukweli ni kwamba nilikaa darasani muhula mmoja tu maishani mwangu, na mwalimu hakuwahi kulijua jina langu.

Siku ya kuondoka, baba mdogo aliniita zizini akanionyesha mbuzi aliowatenga.

"Hawa siuzi," alisema. "Mvua ikinyesha wazae, nitawapeleka kwa mjomba wako nimalize mahari ya mama yako. Ukishakuwa wetu utaanza shule na hawa wenzako."

Nilimshika mbuzi aliyekuwa karibu, na vidole vikaenda vyenyewe sikioni. Mapengo mawili, upande wa chini wa sikio la kushoto. Nilikuwa nimezifuta alama za nusu ya wilaya na sikuwahi kuigusa ya baba yangu. Mjomba alipoletewa habari hakukataa. Kwake mbuzi ni mbuzi, na hao angewapokea mchana, mbele ya watu.

Mvua haikunyesha. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kusubiri mvua Turkana. Kila mtu aliyetoka Lodwar nilimuuliza hali ya malisho, na kila mmoja alitikisa kichwa. Wakati huohuo mmoja wa wale wenzake mjomba, mwanamume mwenye umri wa kunizaa, akaanza kuniletea shanga. Mjomba aliziona akacheka. Nilijua maana ya kicheko kile. Nikiolewa na yule mtu ningekata masikio mpaka nizeeke, na wanangu ningewafundisha.

Ndipo wakaleta mbuzi jike mweusi mwenye duara jeupe kuzunguka jicho moja, anayenyonyesha. Mwenye mbuzi alikuwa amemchanja sikio la kulia tu. La kushoto lilikuwa zima. Nililishika muda mrefu. Nikasema moyoni, baba mdogo anakusanya kule, na mimi nianze huku, walau mmoja. La kulia nikalikata kama kawaida. La kushoto nikalitia mapengo mawili upande wa chini.

Msiniulize kama nilifikiri. Nilifikiri, lakini kama msichana wa Nawoitorong anayemchanja mbuzi wa kwao. Mwizi hukata ili sikio lisiseme kitu, na hilo mimi ndiye niliyelijua kuliko wote.

Nilimwambia mjomba kwamba fisi amemla pamoja na mwanawe. Nikampeleka mbuzi na mwanawe kwa mwanamke mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza chai kwenye kambi ya wakimbizi, jirani na soko, ambaye alikuwa akinunua mkaa kwetu. Nilimwambia ni mbuzi wa baba yangu. Tulikubaliana akamue apate maziwa ya watoto wake, na mimi nikija soko anipe kikombe. "Hii mbuzi kwes sana," alikuwa akiniambia kila nikifika, yaani mzuri kwa Kiarabu chao, "maziwa mingi." Nilikaa kwenye benchi lake nikanywa chai ya maziwa ya mbuzi mwenye alama ya baba yangu, na kwa muda wa kikombe kimoja nilikuwa mtu wa kawaida. Kuna watu wanalewa pombe. Mimi nililewa hiyo.

Mwenye mbuzi alikuwa mzee ambaye hakuchoka kutafuta. Alipita kambini na mtu wa chifu, akaliona lile duara jeupe jichoni. Akageuza sikio la kulia, akakuta limekatwa. Akageuza la kushoto, akalisoma. Yule mama wa chai alimwambia ukweli, kwamba mbuzi ameletwa na msichana Mturkana, lakini mzee hakutaka maneno ya mgeni. Alama ile ilijulikana, na nyumba yake ilijulikana. Akaondoka na mbuzi wake kwenda Lodwar, na mbuzi wote waliompotea mwaka ule akawaweka juu ya baba mdogo.

Habari hizo nilizikuta sokoni. Mbuzi wa mjomba niliokuwa nimewaswaga niliwaacha wamesimama palepale. Nikakimbilia barabarani, nikamsihi dereva wa lori lililokuwa likirudi kutoka Lokichoggio, nikapanda nyuma juu ya magunia matupu. Njia nzima niliomba jambo moja tu, kwamba nifike kabla ya zizi kufunguliwa.

Nilifika jua likiwa bado kali. Uani walikuwa wamekaa mzee mwenye mbuzi na ndugu zake, chifu, na majirani. Baba mdogo alikuwa kwenye ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha wanaume, akirudia kwamba mbuzi yule hamjui. Hakuna aliyemwamini. Si desturi msichana kuingia kwenye kikao namna hiyo, lakini mimi desturi nilikuwa nimeshazikata nyingi.

"Ni mimi niliyemkata," nilisema. "Baba mdogo hajui kitu."

Yule mzee akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa viboko na kwa polisi. Swali hilo sikulitarajia. Chifu ndiye aliyelifafanua. Akasema kama mimi ni wa mjomba, basi mzee amfuate mjomba. Watu wakaguna, kwa kuwa zizi la mjomba lilikuwa tupu siku zote, na mtu wa namna ile humpati. Na kama mimi ni wa nyumba hii, basi nyumba hii italipa, mbuzi kwa mbuzi na zaidi, ndivyo ilivyo kwa wizi.

Mimi nilishapiga hesabu yangu. Baba mdogo akinikana, mbuzi wake watabaki. Wakibaki, siku moja mvua itanyesha, naye atakuja kunichukua. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mimi ni wa mjomba." Nilimtazama baba mdogo nikimsihi kwa macho akubali hivyo hivyo.

Baba mdogo alisimama. Alinitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza, akawageukia wale watu.

"Huyu ni wetu," alisema. "Fungueni zizi."

Walitolewa wote, wale aliowatenga na wale wa kukamuliwa. Mmoja baada ya mwingine walipita mbele yangu, na kila mmoja alikuwa na mapengo mawili sikio la kushoto. Neno nililolitamani tangu utoto lilikuwa limesemwa mbele ya chifu, na mahari ambayo ingelifanya liwe kweli ilikuwa inaswagwa kwenda zake. Nilichuchumaa palepale.

Kabla ya jua kuzama mjomba alifika, ameambiwa sokoni kwamba nimepanda lori la Lodwar. Alisimama nje ya ua, akasalimu kwa adabu, "Ejok," akasema amemfuata mtoto wake. Mzee alikuwa ameshalipwa akaenda zake, na hakuna aliyembishia mjomba. Chifu mwenyewe alitazama chini. Mahari haijalipwa, na kila mtu pale alijua hivyo, na yaliyobaki zizini yalikuwa mavi.

Mama mdogo ndiye aliyeomba ningojewe kidogo ninywe chochote. Akawasha moto. Binti zake walikaa mbali nami, wametulia sana, vitabu magotini. Akanimiminia, akanipa kikombe kwa mikono miwili, na ndani yake chai ilikuwa nyeusi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Leo haina maziwa."

Nilikunywa yote. Kisha nikakiweka kikombe chini makusudi, nikangoja. Nzi wakaja wakakikalia. Nikamtazama mama mdogo usoni, nikiendelea kungoja, na mjomba huko nje akakohoa mara ya pili.

Mama mdogo aliinama akakiokota, akaenda kukiosha mwenyewe bila kunigombeza.