Blackberry zangu zisizo na miiba: nilizitunza hadi zikakataa kuzaa

Wakuu, natumai mko salama huko mliko. Mimi niko Nyeri, nje kidogo ya mji, na haya yamenipata mwenyewe. Sijatia chumvi, labda kidogo tu pale penye mume wangu.

Nilinunua miche minne ya blackberry, vile vitunda vyeusi vitamu, kwa mama mmoja wa Kerugoya anayeuza miche. Aina isiyo na miiba. Zile za porini zilitukwaruza sana miguu utotoni, kwa hivyo hizi nilizipenda papo hapo.

Baba Wairimu, mume wangu, alitaka hicho kipande cha kando ya jikoni apande nyasi za nepia za kulisha ng'ombe. Tukakubaliana: misimu miwili, zisipozaa anang'oa.

Basi nikazitunza. Mbolea, maji, kamba za kuzishikilia.

Na mnajua huku kwetu, wageni wa Krismasi hawawezi kukuta kichaka nyumbani. Kila Desemba nilichukua panga nikazikata zote hadi chini. Nimelelewa kwenye shamba la majani chai, ambayo hukatwa ili ichipue upya, kukata ndiyo kazi ninayoijua.

Msimu wa kwanza, majani. Wa pili, majani.

"Mama Wairimu, hii kitu haina miiba, haina matunda. Hata fensi haiwezi. Ni ya nini sasa?"

Baba Wairimu akazing'oa zote akazitupa nyuma ya zizi, kwenye lundo la mbolea. Nililia, wakuu, halafu nikasingizia moshi.

Nyuma ya zizi hakuna mgeni anayefika, kwa hivyo Desemba hiyo sikupeleka panga huko.

Mwaka uliofuata, Baba Wairimu akatoka kukama akiwa na vidole vya zambarau, anatafuna. Nikaenda kuchungulia. Zilikuwa zimeshika mizizi kwenye mbolea, na lundo lote lilikuwa limefunikwa na blackberry, nyeusi, tamu ajabu.

Nikampigia mama wa Kerugoya. Akacheka mpaka akakohoa.

"Woi, ati ulikuwa unakata zote? Hiyo inazaa kwa shina ya mwaka jana. Ulikuwa unakata matunda yako kabla itoke."

Kwa hivyo jifunzeni kwangu: kata shina lililokwisha kuzaa, lile jipya liache. Usafi wangu ndio uliokuwa ugonjwa.

Juzi jirani alikuja kuomba mche. Nikamsikia Baba Wairimu akimweleza, kifua mbele, "Hizi nilipanda mimi mwenyewe, na hii mikono."

Ubaya ni kwamba siwezi kumwambia anadanganya: mikono iliyozitupa pale ni yake kweli. Ingekuwa ni nyinyi, mngemjibu nini?