Kimea Kwenye Njia ya Ndege

Sisi watu wa Makole tulizijua siku za ndege kutua uwanjani kama tunavyozijua siku za gulio. Siku hizo hukanyagi njia ya ndege. Siku nyingine zote ilikuwa yetu: mbuzi wanapita, watu wanakatiza kwenda mjini, na wanawake tuliopanga chumba kimoja kimoja, tusio na ua, tunaanika nafaka pale mwishoni, kwenye lami. Lami ile ilikuwa safi na ya moto. Ukianika chini kwenye mchanga wetu, ugali utakukwaruza meno mpaka mavuno mengine.

Halafu wakaja watu binafsi na ndege zao. Ndege ndogondogo zikawa zinatua siku yoyote, hasa Bunge likikaa. Ratiba tuliyoishika kichwani ikawa haina maana. Wenzangu wakaacha kuanika. Mimi sikuacha.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto wa miezi minane, na mume aliyekwenda kutafuta mawe ya vito Mererani akanyamaza hukohuko. Nikawa naotesha mtama, naugeuza kimea, nawauzia wapika pombe. Nilisoma miaka yote ile ili nije kunuka kimea. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na sitasema zimekwisha.

Baba yangu alikuwa mzimamoto wa uwanjani. Moto wenyewe ulikuwa nadra. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupita njia nzima kwa baiskeli kabla ndege haijatua, kufukuza mbuzi na watu, kisha kupunga bendera ili mwongoza ndege aliye juu mnarani ajue njia ni safi. Hapo ndipo rubani anaruhusiwa kushuka. Mwaka ule wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa. Orodha ya kwanza ilimruka baba, ya pili ilikuwa inaandaliwa, na wadogo zangu wanne walikuwa bado wanakula kwake.

Siku hiyo kimea changu kilikuwa kimeanza kuvunda, kwa sababu ya mawingu ya siku mbili. Jua likatoka. Nikabeba mtoto mgongoni na gunia kichwani, nikafika kwenye uzio wa miti ya manyara, nikamwona baba anapita na baiskeli. Akafika mwisho, akageuka, akapunga bendera, akarudi zake.

Watu niliwaambia sikujua kama kuna ndege. Nilijua. Mtoto wa mzimamoto utaachaje kujua? Nilijiambia ndege huchelewa, nitapata nusu saa, kimea kitashika jua kidogo. Nikaingia nyuma ya mgongo wa baba yangu, nikamwaga, nikatandaza kwa mguu, nikarudi kwenye manyara kunyonyesha.

Njiwa hawakunipa hata dakika kumi. Walianza wawili, mara kundi zima. King'ora kikalia. Wakati namfunga mtoto mgongoni nikimbilie kimea, ndege ilikuwa imeshatokea upande wa Bahi, inashuka. Njiwa wakainuka wote kwa mara moja. Ndege ikanguruma, ikainua pua, ikatupitia juu mpaka nikaona madoa ya mafuta tumboni mwake. Na nyuma yake kulikuwa na ya pili, nayo inakuja kutua. Ya kwanza inapanda, ya pili inapinda kwa ghafla, na mimi nimeganda na gunia tupu mkononi. Sikuweza kusema nafasi kati ya ndege hizo ilikuwa kubwa au ndogo. Mtoto alikuwa anacheka.

Zilizunguka sana, kisha zikatua salama, moja moja.

Mkuu wa uwanja akaja kwa miguu na wafanyakazi wake, baba akiwamo. King'ora kilikuwa kimewatoa majirani zangu nje, nasi wanawake tukajipanga kwenye manyara kutazama.

"Nani alikagua?"

"Mimi," baba akasema.

"Ukapunga bendera?"

"Nilipunga."

"Na huu mtama, mzee, umeshuka na mvua?"

"Labda njiwa wa siku hizi wanakuja na chakula chao," fundi mmoja akadakia. "Si biashara huria?"

Wakacheka. Baba akainama, akaokota punje, akaona zimechipua. Mtama wenyewe alikuwa ameniletea yeye, kutoka shambani kwake Hombolo. Akainua macho kwenye manyara. Tulikuwa sita pale, alinitazama mimi.

"Nilipitiwa," akasema.

Jirani yangu akaninong'oneza, "Shoga, si kimea chako kile?"

"Funga mdomo," nikamwambia. Hilo ndilo neno pekee nililotoa siku hiyo.

Orodha ya pili ilipotoka, baba alikuwamo. Nikaenda kwake, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningesemaje, mama? Kwamba nafukuza mbuzi wa watu, na mwanangu ndiye anayeanika?" Alikuwa anamenya karanga. "Hiyo orodha basi, imekwisha. Kinachoniuma ni yule wa mnarani. Miaka yote hajaniuliza mara mbili. Sasa ananipita kama mlango."

Kesho yake nikapanda ngazi za mnara na mtoto mgongoni.

"Shida gani, dada?"

"Kimea kilikuwa changu. Baba alipopita palikuwa safi."

Mwongoza ndege akanionyesha dirisha. "Tazama mwisho ule. Unaona nini? Lami. Mtama huuoni toka hapa. Mimi namwona mzee na bendera, basi. Nilikuwa na ndege mbili zimejaa watu, nimewaambia njooni, kwa sababu mzee kasema njooni. Wiki nzima namtukana yule mzee moyoni."

"Nitukane mimi."

"Wewe nitaanzia wapi?" Akavuta karatasi. "Umesoma? Andika. Orodha si yangu, lakini taarifa ya siku ile bado sijaifunga."

Nikaandika. Akasoma kwa sauti: "'Bila kujua kwamba kuna ndege inakuja.'" Akaniangalia. "Dada. Mzee alipita mbele yako na baiskeli, hukumwona?"

Nikamtingisha mtoto ambaye hakuwa analia. Nikasema nilimwona. Akaichana ile karatasi, akanisogezea nyingine. Nilipofika kwenye sentensi hiyo hakunisaidia; nikaandika kwamba nilimwona baba akipita, na nilijua.

Jioni hiyo mwongoza ndege alikwenda kumsalimia baba, taarifa ya siku ile mkononi. Kazi haikurudi, na hakuna aliyedanganya kwamba itarudi. Wadogo zangu walinisimulia kwamba wawili hao walikaa nje mpaka chai ikaisha, wakicheka mambo yao ya zamani.

Mimi nilikwenda siku ya pili. Baba aliitikia shikamoo yangu, akamchukua mjukuu, akamweka pajani.

"Uliniona napita?"

"Nilikuona, baba."

Akamgeuza mtoto, akaanza kumfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka.